Kumfuata perege wa Wami mpaka Unguja

Nimerudi Dakawa wiki iliyopita. Daftari liliingia maji siku ya nne, kwa hiyo bei nyingine nimezipata kwa kuchungulia risiti na picha za simu. Nikikosea mia mbili tatu mnisamehe.

Kwanza niseme nilifuata nini. Nimekulia kando ya Mto Wami, na perege kwetu ni kitoweo cha siku zote: wa kukaanga, wa kukausha, wa mchuzi wa nyanya chungu. Sikuwahi kumfikiria zaidi ya sahani. Halafu mwaka jana rafiki yangu anayefuga samaki Morogoro mjini akaniambia perege wetu ana jina lake la kitaalamu, hornorum, alilopewa mwaka 1966 na bibi mmoja mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi makumbusho ya London, Ethelwynn Trewavas. Na kwamba anatajwa sehemu mbili: Mto Wami, na kisiwa cha Unguja.

Kisiwa! Bahari pande zote, na samaki wa mtoni kwetu yumo humo? Nikasema lazima nimwone kwa macho yangu, tena nimwone akila. Maana perege si mwindaji. Chakula chake kikubwa ni ule utelezi wa kijani unaoshika mawe na mashina majini, ambao vitabu vya shule vinauita mwani. Hilo neno mwani lilikuja kunigharimu siku nzima, mtaona.

Jumatatu: Dakawa, Morogoro, Dar, Unguja

Noah mpaka Morogoro, elfu tatu. Treni ya SGR mpaka Dar, elfu kumi na tatu, na ukifumba macho kidogo umeshafika. Bajaji mpaka bandarini ikanidai elfu tano, nikalipa elfu tatu baada ya maneno mengi.

Boti ya saa tisa na nusu iliondoka saa kumi na moja. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulikaa juani na mabegi yetu, watoto wakilia, mpaka mama mmoja wa Kizanzibari akafungua kapu lake akaanza kugawa visheti kwa kila aliyekuwa karibu, wanaojuana naye na wasiojuana naye. Nauli yangu ilikuwa elfu thelathini, daraja la kawaida. Upepo ulikuwa wa kaskazi, na kuanzia katikati ya safari boti ilianza kuruka. Ukiwa mtu wa mtoni kama mimi, kaa nyuma na uangalie mbali, usitazame simu.

Nilipata chumba mitaa ya Malindi kwa elfu thelathini na tano, feni na chai ya asubuhi. Usiku nikala urojo wa elfu mbili, wenye kachori, badia na mbatata, nikalala.

Jumanne: Mtoni, na kinyozi

Nilianza na jina. Palipoitwa Mtoni pana mto, ndivyo nilivyojiambia. Daladala ya 502 inayokwenda Bububu inapita hapo, mia tano. Konda wenyewe wanamwita utingo, na ukisema "konda" wanajua mara moja umetoka bara.

Magofu ya kasri ya Sayyid Said, Sultani wa zamani wa Zanzibar, yapo kando ya bahari, pale alipozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Kijito kipo kweli, lakini siku niliyokwenda kilikuwa chembamba, maji ya kifundo cha mguu, na chupa za plastiki zimekwama kwenye mizizi. Nilichuchumaa nusu saa. Niliona visamaki vidogo kama sindano vikikimbia kivuli changu, na konokono. Perege hakuna.

Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani akaja kunitazama ninavyotazama.

"Umepoteza kitu, bwana?"

Nikamweleza. Akaegemea ufagio wake, akacheka taratibu, bila dharau. "Hapa utapata homa tu. Mto wenye maji ni Mwera. Nenda Regeza Mwendo, kauze hapo."

Kauze ni kaulize. Nililiandika daftarini, kisha nikafanya kosa la kutokwenda moja kwa moja.

Jioni niliingia kunyoa Ng'ambo, elfu tatu. Kinyozi ana tangi la vioo chini ya televisheni, na ndani, pamoja na samaki wa dhahabu watatu, kulikuwa na samaki mrefu wa kahawia aliyejibandika kwenye kioo kwa mdomo. "Huyo fundi usafi," akasema. Alimnunua Dar ili ale ukijani wa kwenye kioo.

Nilimtambua, kwa sababu rafiki yangu wa Morogoro anaye. Jina lake la kitaalamu ni Gyrinocheilus, na kwao ni mito ya Thailand na bonde la Mekong, kwenye maji ya kasi na mawe. Nikamwonyesha kinyozi kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa miaka miwili aliyokaa naye. Samaki wengine huvuta maji kwa mdomo na kuyatoa kwenye matamvua. Huyu akiubandua mdomo wake kwenye jiwe mto unamchukua, kwa hiyo amejaaliwa tundu dogo la ziada juu ya kifuniko cha tamvua. Maji yanaingilia juu na kutokea chini, na mdomo unabaki pale pale ukikwangua. Tulisogeza pua zetu kwenye kioo, kitambaa cha kunyolea bado kiko shingoni kwangu, tukakiona kile kitundu kikipigapiga haraka kama mshipa wa mtoto mchanga.

"Basi mbona siku hizi anawapanda wenzake?" kinyozi akauliza. Kweli, samaki mmoja wa dhahabu alikuwa na kidonda ubavuni. Ndivyo walivyo. Akiwa mdogo anakula ukijani kwa bidii, akikua anaupunguza na kuanza kujibandika ubavuni mwa samaki wapole kunyonya ute wao. Ukimweka tangini na samaki waendao polepole, umewatafutia balaa. Kinyozi akasema atampeleka kwa shemeji yake. Sijui shemeji amekosa nini.

Jumatano: nilivyopelekwa Paje

Asubuhi stendi nilimuuliza utingo, kwa Kiswahili changu cha vitabuni, gari la kwenda kwenye samaki wanaokula mwani. Akanijibu bila kufikiri: "Twende Paje!" Nikapanda. Elfu mbili na mia tano. Tulipopita msitu wa Jozani nikaanza kuwa na wasiwasi, na tulipoteremka mbele yangu hakukuwa na mto. Kulikuwa na bahari ya rangi ya maziwa na buluu, maji yamekupwa mbali, na akina mama wameinama kwenye safu za vijiti.

Kwa Mzanzibari mwani ni huu wa baharini, unaolimwa hapa tangu mwaka 1989 na kuuzwa nje. Ni kosa langu kabisa.

Lakini kwa vile nauli nilishalipa, nikavua viatu nikawafuata. Mama mmoja alikuwa akifunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, yaani vikamba vyembamba, vidole vinakwenda bila macho. Nilipomuuliza kuhusu samaki wanaokula mwani, aliacha kazi.

"Samaki? Tasi! Tasi hana haya, mwanangu. Unafunga leo, kesho wakuta vikonyo."

Tasi, ambaye wengine humwita chafi, ndiye mla majani wa baharini, na kwenye mashamba ya mwani ni kama ngedere kwenye mahindi. Akaniongezea kwamba mwani wa kotoni, wenye bei nzuri, siku hizi unakufa kwa joto la maji, kwa hiyo wengi wamebaki na aina nyingine, spinosamu. Kisha akanionya kuhusu miiba ya tasi: ina sumu, ukichomwa utakesha. "Lakini mtamu," akasema, na kwa hilo alimsamehe kila kitu.

Ukitaka kuona kazi yao nenda siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Siku nyingine utakuta maji tu. Na ukipiga picha, omba kwanza.

Mchana nikala wali na tasi wa kupaka, elfu sita. Mtamu kweli.

Alhamisi: Regeza Mwendo

Leo sikusema mwani. Nilisema "Mwera, Regeza Mwendo", nikafika kwa mia saba. Hapo nikachukua bodaboda kunishusha bondeni, na nusu ya njia gurudumu la nyuma likatoa pumzi. Dereva aliomba radhi kana kwamba alilitoboa yeye, akakataa hela, akanionyesha njia ya mkato kati ya migomba.

Upande huu wa kisiwa hauna uhusiano na Paje. Kule ni jiwe la matumbawe, mvua ikinyesha inazama papo hapo, huoni mto. Huku ardhi ni nyekundu na nzito, kuna minazi, mikarafuu, majimbi na mpunga mabondeni, na maji yanapata pa kutembea.

Mto wenyewe, kwa mtu wa Wami, ni mfereji. Sehemu pana ningeivuka kwa kuruka zamani nikiwa na magoti mazuri. Lakini maji yalikuwa safi, kwenye kina yana rangi ya chai nyepesi, na chini ya daraja dogo la zege kulikuwa na mawe yenye utelezi wa kijani. Juu ya mawe yale kulikuwa na madoa meupe meupe, kila doa dogo kama ukucha wa mtoto. Nilijua ni nini kabla ya kumwona mwenyewe. Hata kwetu mawe ya pale wanapochotea maji yana madoa hayo. Ni alama za midomo.

Nikaanza kuvua viatu. Sauti ikatoka nyuma: "Weye! Usitie mguu!"

Alikuwa mzee mwenye jembe, kofia ya kiua imepauka. Nikampa shikamoo. Akaniambia maji ya vijito hivi yana kichocho, na watoto wa skuli hupewa dawa kila mara. Nashukuru sana. Msomaji, hili lichukue kwa uzito: vijito vya Unguja vinavutia, lakini kaa ukingoni au juu ya daraja, na kama lazima uingie vaa buti refu la mpira. Konokono anayebeba minyoo ya kichocho ni mdogo, hutamwona.

Nilipomweleza nilichokifuata, alitua jembe kabisa.

"Yakhe, bahari yote hii ilotuzunguka, nawe watoka bara kuja tafuta samaki wa matopeni?"

"Ndiyo, babu."

"Sie hatuli hao. Watoto ndio huwachezea."

Mvua ikaanza hapo hapo, ile mvua ya kiangazi isiyo na taarifa, na ndiyo iliyoliharibu daftari. Tukakimbilia barazani kwake. Mkewe akaleta kahawa na mihogo ya nazi, na mvua ilipokatika magari ya mjini yalikuwa yameadimika. Nikaambiwa nisisumbuke, kitanda cha kijana aliyeko Pemba kipo wazi. Nilijaribu kutoa pesa ya chakula, nikatazamwa mpaka nikairudisha mfukoni.

Usiku nikawalipa kwa hadithi. Niliwaambia kwamba samaki wao wa matopeni amesafiri kuliko sisi sote. Miaka ya hamsini mwishoni Mwingereza mmoja, Hickling, alikuwa na kituo cha ufugaji samaki Malacca, Malaya. Tatizo la perege bwawani ni kuzaana: wanaanza wakiwa wadogo, bwawa linajaa vidagaa visivyokua. Huko walikuwa na majike wa perege wa Msumbiji. Akawaletea madume kutoka Zanzibar. Watoto wakatoka madume matupu, na matokeo hayo akayachapisha mwaka 1960. Bwawa la madume hakuna kuzaana, kila mmoja ananenepa.

Mjukuu wa mzee, binti wa kidato cha tatu, akauliza inawezekanaje. Nikamweleza nilivyoelezwa. Kwa perege wa Msumbiji anayeamua mtoto awe wa kiume au wa kike ni baba, kama kwa binadamu. Kwa huyu wa Wami na Unguja anayeamua ni mama, kama kwa kuku. Ukimchukua baba asiyeamua ukamwoza mama asiyeamua, wanaozaliwa wote wanaangukia upande wa kiume.

Mzee alikuwa kimya muda mrefu. "Hao wanawake wa samaki," akasema mwisho, "wamedhulumiwa."

Ijumaa: alfajiri darajani

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya daraja, kidevu kwenye zege baridi. Ukitaka kumwona perege fanya hivyo, usisimame. Kivuli kikipita tu, wote wanatoweka.

Dume mmoja alikuwa kwenye kina kifupi, mweusi kama sufuria ya kuni, ana pambizo la wekundu kwenye pezi la mgongo. Wakati wa kuzaa ndivyo wanavyogeuka. Chini yake kulikuwa na shimo la duara, upana wa sinia ya watu wawili, amelichimba mwenyewe. Anachota mchanga kwa mdomo, anatoka nao hadi ukingoni, anautema, anarudi. Akija dume mwingine anatanua mapezi yote na kumwendea ubavu kwa ubavu. Jike mmoja alipita pembeni, wa kijivu, kidevu kimevimba. Huyo amebeba mayai mdomoni. Yanaanguliwa humo humo na vitoto vinabaki humo, jumla kati ya wiki moja na mbili, na hata vikishaanza kutoka, kitoto kikitishwa kinarudi mdomoni mwa mama. Wakati huo wote hali kitu, au anagusagusa tu.

Waliokuwa wanakula ni wale wadogo, wa kiganja kimoja, kama kumi na watano. Nilikuwa nimetarajia wakwangue kwa nguvu kama yule wa kinyozi. Hapana. Perege anaelea mbele ya jiwe, anainama kidogo, anagusa, anarudi nyuma nusu inchi, anatafuna. Anagusa tena pembeni. Kila mguso unaacha doa. Meno ya mdomoni ni madogo sana, safu kwa safu kama msasa, na huko kooni ana mengine ya kusagia. Jua lilipofika kwenye jiwe wakaongeza kasi.

Halafu jambo ambalo nilikuwa nimeambiwa na sikuamini. Perege hali usiku, na tumbo lake linalala. Asubuhi anapoanza kula asidi ya tumboni bado haijapanda, kwa hiyo chakula cha kwanza kinapita kikiwa kibichi. Baadaye asidi inakuwa kali kweli, kali kuliko ya samaki wengi, na ndiyo inayopasua vijimea vile ambavyo wengine hawawezi kuvimeng'enya. Nilikaa nikitazama mavi ya samaki kwa saa tatu, mtu mzima mwenye familia. Saa moja yalikuwa kamba za kijani kibichi. Kufika saa nne yamekuwa ya kahawia.

Watoto wawili waliokuja kuvua kwa ndoana na unga waliniona nimelala pale wakadhani naumwa.

Walipata mmoja, sentimita kumi na tano. Nikawaomba, wakanipa bure, na mke wa mzee akamtengeneza. Nikamsihi asitupe utumbo. Tuliukunjua juu ya jani la mgomba, mwembamba kama kamba ya kiatu, umejizungusha kama mkeka wa kukunja, na binti akaleta tepu yake ya kushonea. Mita moja na sentimita kumi. Mla majani anahitaji njia ndefu, hata mbuzi ni hivyo hivyo. Binti akaandika kipimo mkononi kwa kalamu, kwa kuwa daftari langu lilikuwa limeanikwa juani.

Akakaangwa kwa ndimu na chumvi. Mzee alikuwa ameapa hatamgusa, lakini harufu ni harufu. Akanyofoa kipande cha mgongoni, akatafuna akitazama juu.

"Si mbaya," akasema. "Ila hana bahari ndani yake."

Akatoka kwenda sala ya Ijumaa, na mimi nikarudi mjini.

Jumamosi: kurudi

Boti ya asubuhi, bahari shwari, hakuna la kusimulia. Ukitaka kununua karafuu na viungo nunua Darajani, si bandarini. Bei inapanda kadiri unavyokaribia maji. Safari nzima, pamoja na kosa la Paje, imenila laki mbili na elfu sabini na ushee.

Jumapili nilimwonyesha mjomba picha zote, uvulini mwa nyumba yetu, Wami inasikika chini kule. Alizipitia taratibu, akairudia ile ya dume mweusi juu ya shimo lake, akaisogeza karibu na miwani.

"Huyu si perege?"

"Ndiye."

Akanirudishia simu. "Na umempandia boti."